Mishale ya Bwana Tembo

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na simu na nyumba zenye vibaraza, sita kati yao walifungamana kwa mkataba mmoja wa kazi ya programu. Tembo alimiliki jukwaa, yaani mtambo uliobeba programu za wote. Nyati alizisambaza kwa wateja. Kanga na Nyani walitunga michezo, na Kakakuona alikuwa katibu. Kindi, mdogo kuliko wote, alitunga kijiprogramu kimoja tu: kile kinachotambua nywila ya mtumiaji na kumfungulia.

Asubuhi moja Tembo aliingia kikaoni, pu! pu! pu!, hata vikombe vya chai vikatetemeka.

"Katibu, soma kifungu cha saba!"

Kakakuona akavaa miwani. "Mwanachama asiyemhudumia mwenzake yeyote ataondolewa, na kazi yake itabaki kwa mwenye jukwaa."

"Basi Kindi aondolewe! Anamhudumia nani, kidudu hiki chenye mkia?"

Kindi akapiga hesabu haraka. Kijiprogramu kile kilimchukua miaka minne, na ndicho kilicholisha wanawe watatu. Akijisifu, litakuwa neno lake dhidi ya neno la Tembo. Na neno lisilo na ushahidi, mbele ya Kakakuona, halikuwa na uzito hata wa unyoya. Ushahidi ilibidi utoke kwa Tembo mwenyewe.

"Nitaondoka bila kelele, Bwana Tembo," akasema kwa upole. "Ila mnaniacha na swali: kati yako na Bwana Nyati, mkubwa ni nani?"

"Swali gani hilo? Mimi!"

"Wewe?" Nyati akakoroma, mff! "Nani angelijua hilo jukwaa lako kama si miguu yangu?"

"Msigombane, wakubwa zangu," akaingilia Kindi. "Choreni ukutani. Kila mmoja ajichoree duara, kisha avute mshale kutoka kwa kila anayemhudumia hadi kwenye duara lake. Mwenye mishale mingi ndiye mkubwa. Mkimaliza mtie nyayo zenu, asije mtu akakana."

Kakakuona alimtazama Kindi juu ya miwani.

Chwa! chwa! Makaa yakapita ukutani.

"Nyati, Kanga, Nyani. Mitatu!" akatangaza Tembo.

"Tembo, Kanga, Nyani," akajibu Nyati. "Mitatu vilevile, kaka!"

"Sare," Kindi akaguna. "Pole, Bwana Tembo. Nilidhani unao zaidi."

Tembo akapepea masikio, akageuka huku na huku. "Ngoja! Na huyu Kindi! Bila yeye haingii kwangu mtumiaji hata mmoja!" Chwaaa!

"Aka! Hata mimi!" Nyati akaruka. "Wateja wangu wote hufunguliwa naye! Minne!"

Wakachovya nyayo kwenye wino, wakagonga ukuta. Pu! Pu!

"Katibu," akasema Kindi, "kwa ajili ya kumbukumbu za kikao: imechorwa kwamba namhudumia nani?"

Kakakuona alifuata mishale kwa ukucha, mmoja mmoja, bila haraka. "Tembo. Na Nyati."



"Nilikuwa natania!" Tembo akapiga baragumu.

"Wayo huu ni wa nani?" akauliza Kakakuona.

"Ni... wangu."

"Kifungu cha saba hakimgusi Kindi. Hoja imeanguka."

Kanga alicheka, ka-ka-ka-ka!, mpaka akateleza kitini. Kindi hakucheka. Aliona masikio ya Tembo yamelegea kama nguo mbichi, akamhurumia. Akaokota makaa, akajichorea duara lake, kisha akavuta mshale kutoka kwa Tembo hadi kwake.

"Jukwaa lako linabeba kazi yangu, Bwana Tembo. Hilo nami silikani."

Akatia wayo wake chini ya mchoro, mdogo kama punje ya mtama.

Na hapo, wanangu, ndipo hadithi inapotulia: anayejivunia wingi wa wanaomhudumia, akubali kwanza kwamba anawahitaji.