Mmea wa Mama Usiokua

Sogeeni karibu, ndugu zangu. Na wewe uliyeegemea nguzo usianze kusinzia, maana leo nazungumzia ugonjwa ambao kila mtu anauona kwa jirani yake na hakuna anayeuona kwake. Nazungumzia husuda.

Palikuwa na mwanamke mmoja, kifungua mimba wa mama yake. Ndiye aliyemuuguza mama huyo, akamwogesha, akamgeuza kitandani. Mama alipoona siku zake zinaisha, alimkabidhi kopo kuukuu la rangi, limejaa mchanga na changarawe, na katikati yake mmea wa jangwani, ule wanaouita kaktasi. Kidude cha mviringo, kikubwa kama limau, miiba mitupu. Mama akamwambia, "Huu nimeulea tangu sijaolewa. Uweke juani, umwagilie pale tu mchanga unapokauka kabisa, na usiuharakishe." Haukupita muda, Mwenyezi Mungu akamchukua. Binti akauweka mmea dirishani, na kila akiutazama anamwona mama yake.

Mambo yangebaki hivyo, salama salimini, kama si siku ya Iddi alipokwenda kwa mdogo wake. Mlangoni akakuta kopo kama lile lile, na ndani yake mmea wa miiba, wa kijani, wenye mbavu mbavu, umesimama kimo cha mtoto anayejifunza kutembea. Akauliza huu umetoka wapi. Mdogo wake akatazama chini, akasema ni wa mama, kisha akakimbilia kuleta chai.

Chai ile hakuimaliza, akaaga. Njia nzima ya kurudi mwanamke yule alikuwa anasema na moyo wake. Kumbe mama aligawa! Kumbe kitinda mimba, aliyekuwa akija kusalimia na kuondoka, ndiye aliyepewa mmea wenye afya, na mimi niliyekesha naye nikaachiwa kijidude kisichokua! Hakuuliza, hakuchunguza. Mwenye husuda ana haja gani ya ushahidi, enyi waja wa Mungu?

Basi akaanza kuushindanisha mmea wake. Akaung'oa kwenye changarawe akautia kwenye udongo mweusi wa bustani. Akaujazia samadi ya mbuzi. Akawa anaumwagia maji ya kuoshea mchele asubuhi na jioni, kama mtu anayelima mchicha. Mmea ukavimba kidogo, naye akafurahi, akawaambia majirani kwamba unanenepa. Na kila Ijumaa anakwenda kwa mdogo wake, eti kumjulia hali. Hali gani? Alikuwa anakwenda kupima! Na kila akienda anakuta ule wa mwenzake umechomoza tawi jingine. Akauchukia mmea ule kama mtu anavyomchukia mke mwenza.

Ijumaa moja, mdogo wake alipoingia jikoni, yeye akatoa kisu cha mboga kwenye kikapu chake. Nia yake aukate shina, kisha mbuzi asingiziwe. Akachanja. Utomvu mweupe ukabubujika kama maziwa, ukamrukia jichoni.

Wafugaji mliomo humu, mnaujua mti huo. Kaktasi ukiikata inatoa maji maji tu, haina maziwa. Mmea ule ulikuwa mti wa uzio, ule tunaouzungushia mazizi ya ng'ombe, ambao hata ukilitupa tawi lake jalalani linaota. Lakini una miiba, una mbavu, na mtu aliyekulia mjini atatofautisha vipi?

Akapiga ukelele. Mdogo wake akaja mbio, akaona kisu, akaona shina lililochanjwa, akaelewa yote. Hakumgombeza. Alimlaza kwenye mkeka, akawa anamsafisha jicho kwa maji, kata baada ya kata, huku na yeye machozi yanamtoka.

"Nisamehe, dada," akasema. "Mama alikuwa na mmoja tu, na akakupa wewe. Niliona wivu mpaka chakula kikanishinda. Nikaenda kukata tawi kwenye uzio wa zizi, nikalipanda, nikawa nawaambia watu ni la mama. Kila ukiondoka hapa natamani tubadilishane."

Dada mtu akainuka mkekani. Alikuwa analifikiria dirisha lake. Akajifunga mtandio jichoni, wakatoka wote wawili, wakaenda mbio mbio kama wanaowahi mazishi. Alipougusa mmea wa mama, kidole kilizama. Ulikuwa umeoza tangu chini, unanuka. Mdogo wake akaomba kisu kile kile, wakakata na kukata mpaka wakapata kipande kizima cha juu, hakizidi kifuniko cha soda. Wakakiweka kivulini, kidonda kikauke kabla ya kukirudisha mchangani. Kama kilishika mizizi au hakikushika, msiniulize. Mimi nawaacha hapo, wameketi chini, wanakitazama.

Sasa tuje kwetu sisi. Wewe baba unayemtwanga mwanao kwa maneno kwa kuwa wa jirani keshajua kusoma. Wewe mama unayemchosha mumeo kwa habari za nyumba ya shoga yako. Mnajua ule ustawi mnaoutamani ulikatwa kwenye uzio gani? Alichokupa Mola wako kinakwenda polepole kwa sababu ndivyo kilivyoumbwa, nawe unakiozesha kwa kukipima na kitu kisicho jinsi yake. Na huyo unayemwonea husuda, huenda naye hapati usingizi kwa kukuonea wewe.

Ukirudi nyumbani leo usiulize mmea wa jirani umefika kimo gani. Uguse wako kwa kidole. Ukiukuta bado mgumu, mshukuru Mungu, na uache kuumwagia maji.