Kiti Chenye Mto Mwekundu

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na kanisa lao na kwaya ya sauti nne, Kobe alistaafu uzee wa kanisa. Akaacha kiti chake cha mbele, kile chenye mikono na mto mwekundu. Basi wanangu, hapo ndipo kisirani kilipoanza.

Tembo alikitaka. Nyati naye alikitaka. Kila Jumapili walikutana mlangoni, kila mmoja akitaka kutangulia, wakakwama hapo, kwaa, na waumini wakabaki nje.

Mbaya zaidi, paa la kanisa lilikuwa limeezekwa nusu, na masika yamekaribia. Mama Kanga alilala humo na vifaranga wake, maana nyumba yake iliungua, na watoto walishaanza kukohoa. Tembo aliwahurumia kwa kweli, lakini angebebaje majani huku Nyati akimtazama? Angeonekana kibarua. Nyati aliwaza vivyo hivyo. Wahenga walisema wapiganapo tembo nyasi huumia. Hapa walioumia ni vifaranga.

Jioni moja Pimbi, mdogo kuliko wote kwenye kwaya, alibisha hodi kwa Tembo, akakaribishwa uji.

"Mzee wangu, nimesikia jambo," alisema. "Kiti atapewa atakayekuwa wa mwisho kuondoka kazini, pale kwenye paa."

"Nani kasema?"

"Mzee, mimi ni wa kusikia tu."

Akamaliza uji, akaaga. Kisha akaenda kwa Nyati, akasema maneno yale yale, akanywa na uji wa huko.

Kulipokucha Tembo alifika na mzigo wa majani, akamkuta Nyati amewahi na fito. Wakatazamana vibaya. Kazi ikaanza, twa, twa, twa, Nyati akileta na Tembo akipandisha kwa mkonga. Saa ya chakula ilipofika hakuna aliyethubutu kuondoka. Vifaranga wakampanda Tembo mgongoni, wakaanza kuimba pambio, na walipokosea aliwasahihisha kwa sauti yake nzito. Mara akajikuta anacheka. Akashangaa, maana tangu alipokitamani kile kiti alikuwa hajacheka hata kidogo.

Paa likaisha. Mvua ikashuka, shaa, wote wakakimbilia ndani. Halikuvuja hata tone.

"Haya, tumeondoka pamoja," Nyati akasema. "Kiti ni cha nani?"

Pimbi akajikohoza. "Wazee wangu, nisameheni. Hakuna aliyesema neno hilo. Nilitunga mwenyewe."

Nyati akainamisha pembe. Pimbi akaruka nyuma ya ngoma ya kwaya. Tembo naye hasira zilimpanda, akageuka kukitazama kiti alichokipigania. Juu ya mto mwekundu vifaranga walikuwa wamelala, wakavu, wala hakuna aliyekohoa.

"Mwache, ndugu yangu," akamwambia Nyati. "Kiti kimeshapata wenyewe."

Akaketi sakafuni, puu, moyo mwepesi, akaanzisha lile pambio. Nyati alinuna kidogo, kisha akaketi kando yake, akaitikia kwa besi.

Jumapili iliyofuata uchaguzi ulifanyika, na ugomvi ukazuka upya. Tembo alisema kiti apewe Nyati, Nyati akashikilia apewe Tembo, na Pimbi akacheka hadi akaanguka.

Anayetaka kuwa mkubwa kanisani, na awabebe wenzake, tena kwa furaha.