Mashine ya Kiboko Inakula Mafuta

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Pakawa nini?"

"Majani!"

"Ya nani?"

"Ya aliyeyalalia!"

Haya, mmesema vyema, maana kuna mmoja hakulijua hilo. Alikuwepo Kalunguyeye, kanyama kadogo kenye miiba mgongoni, akiishi chini ya mkuyu. Nyumba yake ilikuwa lundo la majani makavu, na humo walilala wanawe wanne, hata macho hawajafumbua.

Asubuhi moja akaja Kiboko na mashine ya petroli ya kufyonza majani, aliyoitoa anakokujua mwenyewe. Hakuja kufagia, thubutu! Alitaka kuyu zote zilizodondoka, azijaze mfukoni ale peke yake. Karatasi ya maelekezo akaifutia mdomo, akaitupa. Akavuta kamba. Vruuum! Fyooo! Yakaenda majani, zikaenda kuyu, yakaenda mawe. Ta! Ta! Ta! Mawe yakarukia huku na huku, na miwani ya kukinga macho hana. Jitu zima!

"Bwana Kiboko," akalia Kalunguyeye, "lundo hili niachie, wanangu wamelala!"

"Majani ni majani!" Vruuum! Fyooo!

"Bwana Kiboko, wako wanne, bado hawaoni!"

"Majani ni majani!" Vruuum! Fyooo!

Kalunguyeye alikasirika hadi miiba ikamsimama. Hivi ukubwa wa tumbo ndio ruhusa ya kufyonza watoto wa watu? Zilibaki hatua mbili tu mdomo wa mashine ulifikie lundo, mara khe! khe! khe! Mashine ikaanza kukohoa.

"Ina nini hii?" akauliza Kiboko. Kusoma hajui, kuuliza hapendi, ila siku hiyo aliuliza.

Kalunguyeye akaiokota ile karatasi, akasoma kwa sauti. Nawaapia, hakuongeza hata neno. Kupunguza, sijui.

"Mashine hii inakula mafuta."

"Mafuta?"

"Mafuta."

Kiboko akalitazama tumbo lake. Likatikisika.

"Soma tena!"

"Usisogeze mkono wala mguu mdomoni mwake ikiwa inanguruma."

"Ala!"

"Ikikohoa, mafuta yanakaribia kwisha. Yaongezwe."

"Yatoke wapi?"

Kalunguyeye akamtazama, kuanzia shingoni mpaka mkiani, taratibu, kama mama anayechagua nyama buchani.

"Mama wee! Nifanyeje, dada yangu?"

"Ah, leo mimi dada? Zima swichi! Chomoa waya wa plagi ya injini! Iache ipoe, nawe kaa mbali nayo!"

Kiboko akazima. Kiboko akachomoa. Kisha kishindo, puu! puu! puu! na mtoni chubwi! Akabakiza pua na macho tu. Mpaka leo hushinda humo humo, akichungulia kama mashine inakuja.

Kalunguyeye akaingia ndani ya lundo, akahesabu pua: moja, mbili, tatu, nne. Akalia kwa hasira, ndipo akawanyonyesha.

Hadithi imeketi, nami naketi. Mnataka funzo? Enyi wenye nguvu, msikubali kamwe kusomewa maelekezo ya mashine. Mtajua kuizima, na mkishajua kuizima, watoto wa watu watakua!