Zawadi Ndani ya Kapu

Leo sina hadithi ya mkulima. Mkulima tumemchosha jamani, kila Jumapili tunamtoa shambani aje atufundishe. Leo nawaletea mama mmoja msomi wa chuo kikuu. Na nyinyi wahadhiri mnaokaa safu ile ya dirishani msianze kuangaliana, si mmoja wenu. Ni mfano tu.

Mama huyo aliongoza mradi mkubwa wa kuelimisha watu, hapa kwetu na nchi za nje, habari za sokwe, nyani, kima na mbega. Wanafunzi walitoka mbali kuja kusoma kwake. Naye hakuwa wa kukaa ofisini akapulizwa na feni. Alipanda milima, akaingia madarasani, akaketi mkekani na kina mama. Somo lake lilikuwa moja, na alilisema mpaka sauti ikamkauka: mnyama wa msituni mwacheni msituni. Msimkamate, msimfuge, msimguse.

Kijiji alichokipenda kuliko vyote kilikuwa chini ya mlima, ubavuni mwa msitu mdogo. Msitu wenyewe ulishabaki kipande, pande zote mashamba, na ndani yake liliishi kundi moja la mbega. Mbega mnamjua, yule mweusi mwenye manyoya marefu meupe mabegani. Kundi lile likiisha, hakuna jingine la kuja kushika nafasi yake, maana litapita wapi? Kwenye mahindi ya watu? Mama alilijua hilo, na ndilo lililomnyima raha.

Sasa sikilizeni vizuri, hapa ndipo mambo yalipoharibika, na yaliharibikia kwenye jambo jema.

Siku moja lori lilimgonga mbega jike barabarani. Akafa. Mtoto wake akabaki amemng'ang'ania kifuani. Mtoto wa mbega huzaliwa mweupe pepepe, weusi unamjia baadaye. Mama yetu akamchukua, akamfunika kanga, akampakata na kumnywesha maziwa kidogo kidogo. Kuna ubaya gani hapo? Wewe ungemwacha pale barabarani? Wakati anamnywesha, mfanyakazi mwenzake akapiga picha. Mtoto yule hakuishi, maana mbega ni mla majani na tumbo lake changa lilikataa maziwa ya kopo. Picha ndiyo iliyoishi. Ilikuwa nzuri mno, mama kainamisha uso, kiumbe cheupe kimemshika kidole. Mradi ukaitia kwenye kalenda.

Nanyi mnajua mambo yetu na kalenda. Mwaka unaisha, kalenda haishuki ukutani. Nikija kwenu kuwatembelea nazikuta mpaka za marais waliostaafu. Basi kalenda ya mama ikatundikwa sebuleni, kwa kinyozi, dukani kwa muuza unga, hata ofisi ya kijiji. Maandishi yalikuwepo, chini kabisa, yakisema wanyama hawa wasikamatwe. Nani kati yetu husoma maandishi ya chini ya kalenda?

Ikafika siku mama akawa analeta wageni wa mradi kutoka nje, waje waone kazi ilivyostawi. Kijiji kikakaa kikao. Mgeni njoo mwenyeji apone, wanasema, lakini mgeni naye haondoki mikono mitupu. Huyu mama tumpe nini? Kuku alishapewa. Vitenge alishapewa mpaka vimemjaa kabatini. Bibi mmoja akasema, "Mtu hupewa anachokipenda." Wakatazama ukutani, na wakakubaliana pale pale.

Sherehe ikafana kwelikweli. Ngoma ikapigwa, watoto wa shule wakaimba wimbo wa mbega aliowafundisha mama mwenyewe. Kisha mwenyekiti wa kijiji, mtu mzima, mpole, akaja na kapu lililofunikwa kanga mpya. Vigelegele vikapanda. Mama akalifunua huku akiwatabasamia wageni wake. Ndani alikuwamo mtoto wa mbega, mweupe, anatetemeka, na ngumini mwake ameshika kishungi cha manyoya meusi.

Mama akauliza kwa sauti ndogo, "Mzee, mama yake yuko wapi?"

"Alikataa kumwachia, mama," mwenyekiti akajibu kwa heshima zote. "Tulijaribu kwa wema. Wakakimbilia wote kwenye mti ule mkubwa wa pembeni ya shamba. Ikabidi vijana waukate. Sasa mbwa walikuwa chini, hatukuweza kuwazuia."

"Waliobaki ni wangapi?"

Mzee akatazama ardhi. "Tangu siku hiyo hatujawasikia, mama."

Kundi lote. Kwa ajili ya zawadi moja.

Mama akashika kichwa. Akasema, "Jamani, mimi niliwafundisha nini? Si niliwaambia msiwaguse?"

Na yule mzee, bila kebehi hata chembe, akamjibu: "Ulituambia sisi tusiwaguse, nasi tukatii, hakuna nyumba hapa iliyofuga mbega. Lakini wewe tulikuona umempakata. Tukasema, kumbe wako wanaoruhusiwa."

Wageni wakamwuliza mama, mzee anasema nini? Hakuwatafsiria. Mtoto wa mbega kwa baridi na hofu alishampanda kifuani, na mama hakuwa na moyo wa kumbandua. Wageni wakaona ni jambo la kupendeza sana. Wakatoa simu, wakampiga picha.

Yule mtoto naye akafa. Mama alirudi kijijini mara nyingi baadaye kuomba kalenda zile zishushwe. Wengine walishusha, wengine walimwambia, mama, picha nzuri hivi uliyotoka, tuichome kwa nini? Akawa anafundisha kando ya msitu usio na kitu ndani.

Nawaona mnanitazama. Mnataka kuniuliza, mchungaji, kwani kosa la mama ni lipi? Hata mimi linaniuma hilo. Angekuwa mtu mbaya ningemaliza mahubiri mapema tukaenda kula. Lakini alikuwa mtu mwema, tena mchapakazi kuliko wengi humu. Alifundisha kweli kwa mdomo wake miaka na miaka, halafu picha moja ya mikono yake ikafundisha kinyume, na watu wakaamini mikono. Hawakumwasi hata kidogo, walimpenda. Waliwaua wale wanyama kwa kumpenda yeye. Mnaelewa uzito wake?

Sisi je? Baba unamfundisha mwanao asidharau watu, kisha msichana wa kazi unamwita kwa kumpigia kidole. Mama unamkanya binti asisengenye, na yeye ndiye anayewaletea chai wewe na wenzako mkiwa katikati ya jina la mtu. Wazee wa kanisa tunahubiri unyenyekevu, harusini tukikosa meza ya mbele tunanuna mpaka keki ikatwe. Tunadhani watoto wataona wakasema, wakubwa hawa ni wanafiki. Laiti wangesema hivyo, kungekuwa na nafuu. Mtoto hasemi hivyo. Mtoto anatupenda. Anasema, kumbe wako wanaoruhusiwa, nami nikikua nitaruhusiwa. Anakua akituiga kwa heshima, na kile anachokiharibu anatuletea mikononi kama zawadi.

Msamaha upo, sitaki mtu atoke humu akisema mchungaji kaufunga mlango wa Mungu. Mama yule alilia mbele za Mungu, nami naamini alisamehewa siku ile ile. Lakini mbega hawakurudi. Maji yakimwagika hayazoleki, na wako watu humu ndani wanaojua ninasema nini, maana watoto wao sasa ni watu wazima.

Kwa hiyo wenye watoto bado wadogo, tukifika nyumbani leo tusianze kuwasomea amri. Tukae nao, tuwaulize wametuona tukifanya nini. Tuwasikilize mpaka mwisho, hata chakula kipoe. Na wakiogopa kujibu, wakabaki kutazamana wao kwa wao, tujue wameona.