Mtoto, Jina na Utando Uliotoboka

Hapo zamani, na msinitazame hivyo, sisemi zamani za wanyama kuongea, nasema zamani ya juzijuzi ambayo wenyewe wangali hai wanakula ndizi zao, palikuwa na kijiji kiitwacho Ngulungo, mgongoni mwa Mlima Meru. Kijiji kizuri. Migomba ipo, kahawa ipo, maziwa yapo. Aibu yao ilikuwa moja tu, maji. Chemchemi za huko zina madini ya floridi, na mtoto akinywa maji yake tangu udogoni, meno yanaota ya kahawia. Basi watu wa Ngulungo wakicheka huziba mdomo kwa kiganja. Bwana harusi anacheka kiganja mdomoni, mchungaji anacheka kiganja mdomoni.

Katika kijiji hicho alikuwepo mwanamke akiitwa Nuruana. Yeye naye alicheka kwa kiganja. Alikaa miaka saba kwenye ndoa bila mtoto, na mimba ilipoingia akaapa neno moja: huyu wangu atacheka mdomo wazi.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo wengi hupotea. Kituo cha afya cha Ngulungo kilikuwa na mtambo wa haidrojeni. Jina lisikutishe. Gesi inaingia upande mmoja, hewa inaingia upande wa pili, na katikati pana utando mwembamba, mfano wa ule unaoganda juu ya maziwa yaliyochemka. Gesi na hewa zikikaa kila moja upande wake, umeme unatoka, na chini yanadondoka maji safi. Utando ukitoboka, gesi na hewa zinakutana, na hapo ni joto, pengine ni moto, mwisho wake ni giza. Tando zilikuwa arobaini, zimepangwa kama vipande vya mkate, na kila kipande wakakiita seli. Umeme wake ndio uliowasha friji ya chanjo, ukawasha na sanduku la joto la watoto njiti.

Nuruana akajifungua miezi miwili kabla ya siku zake. Kitoto cha kike, kilo moja na robo. Kikaingizwa sandukuni, na Nuruana akaketi kando yake, hali, halali, anahesabu pumzi za mwanawe.

Mama mkwe wake, Bibi Ndeshi, akamwambia, "Mwanangu, kwetu njiti hapewi jina akiwa bado kwenye joto la kuazima. Akivuka salama, anapewa jina la mtu aliyemvusha. Jina ni moja, mtu ni mmoja. Huyo ndiye somo wake mpaka kufa."

"Sawa, Mama," akasema Nuruana. Lilionekana jambo jepesi.

Siku ya sita, asubuhi, akaingia Kaanaeli. Huyu alikuwa mpima maji wa kijiji, mama mfupi mwenye kikapu cha vichupa. Kazi yake ni kuzunguka chemchemi zote: anachota maji, anadondoshea dawa nyekundu, na maji yakiwa na floridi wekundu unapauka. Siku hiyo hakwenda chemchemini. Alikwenda moja kwa moja kwa Elirehema, msimamizi wa mtambo, na maneno yao Nuruana aliyasikia yote, kwa sababu ukuta wa kule ni mbao.

"Kaka Elirehema, maji ya mtambo wako yana floridi."

"Dada, umelewa? Mtambo wangu hauchoti mlimani."

"Nimepima mara tatu. Wekundu unapauka."

Elirehema akataka kucheka, kicheko kikakwama. Alikuwa na daftari. Kila asubuhi, kabla hajanywa chai, alipima umeme wa kila seli akaandika, kuanzia ya kwanza hadi ya arobaini. Seli thelathini na tisa zilikaa palepale. Ya ishirini na tatu ilikuwa inashuka kidogo kidogo, siku hadi siku. Na alijua utando wenyewe umetengenezwa na nini. Ndani yake mna floridi, na ukianza kuliwa, floridi hutoka na maji.

"Loo," akasema. "Ni utando."

Wakamwendea muuguzi mkuu. Muuguzi yule hakuwa mtu wa mchezo. "Ndani ya sanduku mna mtoto wa kilo moja na robo," akasema. "Gari la wagonjwa ni moja kwa kata tatu. Mnataka nilivute huku na mtoto nimkokote barabarani kwa sababu ya rangi ya kichupa na namba ya daftari? Nionyesheni tundu."

Tundu! Nani Ngulungo anajua kutafuta tundu lisiloonekana? Mnacheka, kumbe mnamjua. Aliitwa Ndewario, fundi wa pancha wa njia panda. Akaja na pampu yake, beseni lake na mpira wake.

Muuguzi akamtoa mtoto sandukuni akamweka kifuani kwa Nuruana, ngozi kwa ngozi, akawafunika khanga mbili na blanketi. "Usitikisike," akamwambia. Elirehema akazima mtambo, akaondoa gesi yote ndani kwa mtungi wa naitrojeni. Ndewario akaunga pampu upande wa gesi, na kutoka upande wa hewa akavuta mpira mpaka ndani ya beseni la maji. Utando mzima haupitishi kitu, kwa hiyo beseni hutulia.

Nuruana akatazama dirishani na mtoto kifuani. Ndewario akapampu mara moja. Beseni kimya. Mara ya pili, kimya. Mara ya tatu, bwa! likapanda povu moja. Kisha jingine, kisha yakafuatana.

"Pancha," akasema Ndewario.

Muuguzi hakubishana tena. Mtambo haukuwashwa, gari likaitwa, na Nuruana akasafiri na mwanawe kifuani mpaka hospitali kubwa ya mjini. Wakakaa huko siku ishirini na nne. Mtoto akaongezeka, akanyonya, akalia kwa sauti ya watu. Wakarudi.

Siku ya jina ikafika, Bibi Ndeshi akapika mtori wa ndizi sufuria nzima, akaita watu. Nuruana akaketi kwenye kigoda na mtoto mapajani, na hapo ndipo kichwa kilipoanza kumzunguka, maana waliofika na nguo za kanisani walikuwa watatu.

Kaanaeli akasimama kwanza. "Dalili ya mvua ni mawingu," akasema. "Mawingu niliyaona mimi. Hakuna aliyenituma kupima maji ya mtambo. Bila mimi, daftari lingebaki daftari na pampu ingebaki njia panda. Nani alimvusha mtoto? Mimi."

Nuruana akaitikia kwa kichwa. Kweli, akawaza. Ni Kaanaeli.

Elirehema akasimama na daftari kwapani. "Mali bila daftari hupotea bila habari," akasema. "Maji yalisema kuna ugonjwa, hayakusema ni ugonjwa gani. Aliyejua ni utando ni nani? Aliyejua ni seli ya ishirini na tatu ni nani? Bila mimi, dada yangu hapa angedhani chemchemi imehama. Nani alimvusha mtoto? Mimi."

Nuruana akaitikia kwa kichwa. Hilo nalo kweli, akawaza. Ni Elirehema. Lakini mbona sasa hivi alikuwa Kaanaeli?

Ndewario akasimama, mikono ina grisi hata siku ya sherehe. "Mwenye macho haambiwi tazama," akasema. "Rangi, muuguzi aliikataa. Namba, alizikataa. Aliamini nini? Povu. Bila mimi mtoto angerudishwa sandukuni saa ileile. Nani alimvusha mtoto? Mimi."

Nuruana akaitikia kwa kichwa mara ya tatu, na safari hii akaona watu wote kama wanaelea. Wote wanasema kweli. Watu watatu wanawezaje kusema kweli wote, na jina ni moja?

"Mama," akamnong'oneza mkwewe, "nimpe nani?"

"Jina ni lako, mwanangu. Mimi nashika mwiko tu."

Basi kungekuwa na busara hapo, watu wangekula mtori wakamaliza. Busara ilitoka wapi? Elirehema alimgeukia Kaanaeli. "Na uwaambie watu ulianza kuona lini," akasema.

Kaanaeli akainama. "Wiki mbili kabla," akasema. "Nilidhani nimeosha kichupa vibaya. Sikuwa nimewahi kuona floridi kwenye maji yale, nikaogopa kuchekwa."

Minong'ono ikapita. "Na wewe?" Kaanaeli akamrudishia. "Seli yako ilianza kushuka lini?"

Elirehema akafungua daftari, akalifunga. "Mwezi mzima," akasema. "Niliwaandikia wataalamu, sikujibiwa, nikaendelea kungoja."

"Usipoziba ufa!" akadakia mzee mmoja, na watu wakamalizia kwa pamoja, "Utajenga ukuta!"

Ndewario akacheka, kiganja mdomoni. Asingecheka! Elirehema akamnyooshea kidole. "Wewe nawe usicheke. Povu lilipotokea nilikwambia acha. Ukapampu tena na tena kama unajaza trekta. Mtaalamu amekuja, ameufungua mtambo. Kitundu cha sindano umekifanya mpasuko wa kidole. Kingebaki kitundu, mtaalamu angeiruka seli ile moja, mtambo ungetembea kwa zile nyingine. Sasa chanjo za watoto wa kijiji kizima zinabebwa kwa pikipiki."

"Nilitaka muuguzi aone vizuri," Ndewario akajitetea.

Nuruana akamkumbatia mtoto. Jina ambalo dakika tano zilizopita lilikuwa zawadi, sasa lilikuwa kama kesi. Ampe mwanawe jina la aliyenyamaza? La aliyengoja? La aliyepasua?

"Mtaalamu amesema utando ulikufa kwa nini?" akauliza Bibi Ndeshi kutoka jikoni.

"Kwa kiu, Mama," akasema Elirehema.

"Ebo! Kitu kinachotoa maji kife kwa kiu?"

"Ndiyo. Yale maji hayakuwa ya kuchota. Yalitakiwa kurudi ndani yakalainishe tando. Utando ukikauka unapasuka kama ngozi ya kisigino. Na sisi..."

"Bomba la chini ulilifungua wewe," akasema Ndewario.

"Na mpira wa kuyavutia nje uliukata wewe, kwenye tyubu ya lori," akasema Elirehema.

"Na aliyetangaza kijiji kizima kwamba maji yale hayana floridi, watoto wapikiwe uji, ni mpima maji wenu," wakasema wote wawili.

Kaanaeli hakukana. Akina mama waliojipanga mtamboni na madumu kila asubuhi wakatazama miguu yao. Maana palikuwa na swali moja limebaki, na wale watatu walilijua jibu lake, na hakuna hata mmoja aliyetaka kulisema mbele ya mzazi. Nani aliyeomba maji yale kwanza?

Nuruana akaiona siku ile kama jana. Mimba ya miezi mitano, kidumu cha lita tano mkononi, amesimama mlangoni kwa Elirehema. Kaka, nisaidie. Sitaki mtoto wangu azibe mdomo kama mimi. Kidogo tu. Elirehema akakataa siku ya kwanza. Akakataa siku ya pili. Siku ya tatu Nuruana akalia, na Elirehema akafungua bomba. Kesho yake wakaja wanawake wawili. Kufika mwisho wa mwezi walikuwa arobaini.

Angeweza kunyamaza. Watatu wale walikuwa wamemfichia, tena kwa moyo mweupe. Lakini akashindwa.

"Ni mimi," akasema. "Niliyeomba ni mimi. Kiu ya ule utando niliianzisha mimi, kwa ajili ya meno ya huyu. Nilitaka acheke, nikakaribia kumuua." Na machozi yakamtoka, mbele ya mkwewe, mbele ya watu wote.

Hakuna aliyemlaumu, na hilo lilimuuma zaidi. Bibi Ndeshi akaweka mwiko chini, akaja akachuchumaa mbele yake. "Futa uso," akasema. "Mtoto amevuka, na leo halali bila jina. Sema."

Nuruana akamtazama Kaanaeli, akamtazama Elirehema, akamtazama Ndewario. Wote watatu walikuwa wameinamisha vichwa, na kila mmoja alikuwa bado anangoja. Hapo mtoto akaamka. Akajinyoosha, akawatazama watu, akafumbua mdomo wazi kama anayecheka, fizi tupu, hajaota hata jino moja.

Na hapo ndipo nilipowaacha. Mtori unapoa, mama amefumbua mdomo na neno halijatoka. Wewe uliyekuwa unacheka huko nyuma, hebu msaidie. Aliyeona dalili majini akanyamaza, aliyejua akangoja, aliyethibitisha akapasua, na wote watatu walimhurumia mama mmoja aliyelia mlangoni. Mngekuwa ninyi kwenye kigoda kile, mngemwita mtoto yule nani?