Mkubwa Hashuki

Paukwa!
Pakawa!
Ukungu?
Umetanda!
Kilele?
Hakionekani!
Basi sogeeni, tupande pamoja.

Masika moja, Sange, yule panya mdogo mwenye pua ndefu, alihamia bonde geni na wanawe. Mama yao alichukuliwa na mafuriko ya mwaka uliotangulia. Jirani yao mpya alikuwa Fisi.

Ukungu ukatanda. Mvua ikaanza, ndo! ndo! ndo!

"Maji yanakuja," Fisi akasema. "Tushindane kupanda. Ukungu ukiondoka nikakuona chini yangu, wanao kitoweo changu."

Sange aliingia shimoni, akafinyanga vilima vya tope, vidogo kwa vikubwa, akaachia sisimizi wapande. Sisimizi aliyepanda tu aliishia kwenye kilima cha karibu. Yule ambaye Sange alimpuliza huku na huku, kwa nguvu mwanzoni kisha taratibu, akashuka, akapanda, alifika kwenye kikubwa. Akajaribu tena. Na tena. Mara nyingi ilikuwa hivyo. Si mara zote.

Akatoka. "Nakubali, mzee. Ila mimi mdogo, niruhusu kushuka. Wewe je? Mkubwa hushuka?"

"Nani, mimi? Mkubwa hashuki!"

"Apa basi."

"Naapa kwa meno yangu! Nikishuka hatua moja, yang'oke yote!"

Wakaanza. Fisi akapapasa. Huku juu? Panda! Huku juu? Panda! Mkubwa hashuki.

Sange akafumba macho, akazunguka, zungu! zungu! Pua ilikoelekea, akaenda, wanawe nyuma wameshikana mikia. Akapanda, akashuka, akapanda. Mwanzoni alishuka sana. Kadiri alivyokwenda, akashuka kidogo, kisha kidogo zaidi.

Fisi akawasikia wakiteremka. "We Sange! Unashuka, mjinga wewe! Hi hi hi! Hao wanao niwale na pilipili?"

"Panda tu, mzee."

"Nimeshafika! Kila upande ni chini!"

Ukungu ukaondoka. Sange na wanawe walikuwa kileleni. Fisi alikuwa juu ya kichuguu.

Maji yakaja, chubwi! chubwi! Yakamfika Fisi magotini.

"Sange, ndugu yangu! Nishuke nije huko?"

"Shuka, mzee, nani kakuzuia? Ila uage meno kwanza."

Fisi akalamba meno yake, moja moja. Akabaki. Maji yakamshika kiuno, yakamvuta nyuma usiku kucha. Mpaka leo mgongo wake umeshuka. Mwenyewe hajashuka.

Funzo, wanangu, mkitaka mgongo wa Fisi: ukipanda, usishuke kamwe. Na ukimwona mtu anazunguka kwenye ukungu amefumba macho, mcheke sana.

Ngano yangu imeishia kileleni. Ikiwa tamu, shukeni nayo. Ikiwa chungu, niachieni mwenyewe.