Cheo cha Bwana Udongo

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa bado na majiko na wazee wa kijiji, jua liliwaka mpaka dimbwi la mwisho likabaki tope. Mzee Nyati akaitisha msaragambo, kijiji kizima kishirikiane kuchimba kisima. Alisema wazi kwamba maji yasipoonekana kufikia jioni ya siku ya tatu, kijiji kizima kitahamia mtoni, nyuma ya milima.

Mama Nguchiro aliposikia hayo, alikimbilia nyumbani. Alikuwa na watoto watatu, hata macho hawajafumbua. Mwendo wa siku nne juani wangeumalizaje?

Kazi ziligawanywa kwa desturi yao: mwenye mwili mkubwa, kazi kubwa. Tembo akapewa kuchimba. Mhanga, yule mwenye kucha kama majembe, akapewa mwiko wa kukoroga uji, eti kwa sababu ni mfupi. Nguchiro alipouliza kulikoni, aliambiwa hayamhusu.

Basi Tembo akashuka shimoni. Akichimba kidogo, akigeuka tu, poromo! Kingo zinamwagika. Siku ya kwanza ikaisha, ya pili ikaisha, shimo halijampita magoti. Huku Mhanga anaunguza uji, na kila mtu anamlaumu. Nguchiro akawa hatulii, mara akimbilie nyumbani kusikiliza kama wanawe wanapumua, mara arudi kulitazama shimo.

Asubuhi ya tatu alimwendea Nyati, akapiga goti.

"Shikamoo, Mzee. Wageni wa bondeni wanatucheka."

"Marahaba. Wanacheka nini?"

"Wanasema kwao kuchimba ni adhabu ya mpishi aliyeunguza chakula. Mkubwa hasa huitwa Bwana Udongo, hubeba lundo zima huku watu wote wakimwona. Sisi Tembo wetu tumemficha shimoni."

Tembo naye alikuwa na masikio, tena si madogo. Akapanda juu akihema. "Na huo udongo ataubeba nani, kama si mimi?"

Nyati akamwamuru Mhanga aingie shimoni kwa kosa la uji. Mhanga hakubisha. Kwaru, kwaru, kwaru! Udongo ukaruka, Tembo akauzoa kwa mkonga na kwenda kuutupa, akitembea kwa madaha. Jua lilipofika utosini, Mhanga haonekani tena. Alasiri, bado vumbi tupu. Jua likaanza kuzama, na Nyati akasema watu wafunge mizigo. Nguchiro alikuwa amesimama ukingoni, mtoto mmoja mdomoni.

Ndipo sauti ikatoka chini. "Mama Nguchiro, nimelowa miguu."

Walikunywa wote. Nyati alipotosheka akakunja uso. "Nguchiro, hao wageni walipita lini? Mbona sikuwaona?"

"Hata mimi sikuwaona, Mzee," alijibu, huku akiwalowesha wanawe midomo. "Niliowaona ni Tembo na Mhanga, kila mmoja amewekwa mahali pasipo pake."

Tangu siku ile Nyati alimwuliza kila mmoja anaweza nini kabla ya kumpa kazi, na uji haukuungua tena.

Mgawa kazi apime mikono, asipime miili.